Kipimo Hakina Shemeji

Mwalimu wetu alitembea na rula ndani ya soksi. Siyo ile ndefu ya mbao ya ubaoni. Ile alikuwa nayo pia, na migongo yetu inaijua. Hii ilikuwa ya bati, ya sentimita kumi na tano, ameichomeka kwenye soksi ya mguu wa kulia, na aliitoa wakati wowote. Alipima nafasi kati ya shina na shina la mahindi kwenye shamba la shule, akatung'olesha yote yaliyosogeleana. Alipima kucha zetu. Siku ya harusi ya binti wa mwenyekiti wa kijiji, sinia la keki lilipomfikia, alitoa rula akapima vipande vilivyobaki, kisha akachukua kidogo kuliko vyote ili watu wasiseme.

Ukimuuliza kwa nini, alikuwa na jibu moja: "Kipimo hakina shemeji." Maana yake, mtu akikukadiria kwa jicho atakupendelea kama ameoa kwenu, lakini rula haijaoa kwa mtu. Aliyasema hayo akigawa makande ya mchana, akisahihisha mitihani, akiamua ugomvi wa mpaka wa mashamba. Shida ni kwamba aliamini na upande wa pili wake, kwamba kisichopimika si kitu, na hapo ndipo alipogongana na mama yangu.

Nitamwita Mwalimu tu, kwa sababu ndivyo kila mtu alivyomwita, mkewe pia. Kijiji chetu kiko mteremkoni mwa mlima Hanang, juu kidogo ya Endasak, na walimu wengi walipita pale wakisubiri uhamisho tangu siku ya kwanza. Yeye alikaa. Alifundisha kaka zangu, akanifundisha na mimi, na alipostaafu hakwenda popote. Alivuka barabara tu, akahamia kwenye nyumba yake ya bati, akaendelea kutufundisha bila ubao.

Alikuwa mkali, sitamremba. Lakini nilipokuwa darasa la tano nilipandwa na homa katikati ya somo la hesabu, nikaanguka, na ni yeye aliyenibeba mgongoni kwenye mvua hadi zahanati, matope yakimfika magotini. Njia nzima alikuwa ananiuliza jedwali la saba ili nisilale. Siku niliporudi darasani alinichapa viboko viwili kwa sababu nilikuwa sijamaliza zile hesabu. Nilipomweleza Mama alicheka mpaka akakaa chini, akasema huyo mtu ana moyo mzuri ila ameufungia kabatini.

Alikuwa na maadui wawili, Kiiraqw shuleni na tembe popote pale. Aliyekamatwa akisema neno la kwao alivalishwa kigogo shingoni kutwa nzima, na mimi nilikivaa mara nyingi kwa sababu sikuweza kucheka kwa Kiswahili. Yeye mwenyewe alikuwa Mwiraqw wa Mbulu, mtoto wa milimani kabisa, lakini hakuna aliyewahi kumsikia akitamka hata salamu ya kwao. Tembe alizichukia zaidi. Enzi zile watu walipohamishiwa vijijini aliongoza wanafunzi kwa ngoma nyumba hadi nyumba, wakiimba habari za bati na madirisha, na zile nyumba za zamani zilizochimbwa ndani ya mteremko, zenye paa la udongo na mbuzi ndani, zikabomolewa moja baada ya nyingine.

Iliyobaki ni ya bibi yangu, mama yake baba. Bibi alisema atatoka humo akiwa amebebwa. Mwalimu akaandika jina lake kwenye orodha ya wanaorudisha maendeleo nyuma, ikasomwa mkutanoni, na baba kwa aibu akatujengea nyumba ya bati hatua thelathini kutoka pale. Bibi akabaki na mbuzi wake. Paa la tembe yake lilikuwa sawasawa na ardhi ya upande wa juu, nyasi zimeota, na siku moja Mwalimu alipita juu yake akidhani ni njia. Bibi alimgongea kutoka chini kwa mchi. Toka siku ile, miaka yote, hakuitikia salamu yake, na yeye alizungukia mbali.

Nimesema hayo kwanza ili ukifika kwenye habari ya mayai uelewe ukubwa wa jambo.

Mwalimu alistaafu katika miaka ile ya ruksa, maduka yalipojaa ghafla vitu tulivyokuwa tunavisikia tu. Katesh likafunguliwa duka la dawa la mtu binafsi. Makoti ya mitumba yakawa mengi kuliko watu wa kuyavaa. Na mwaka mmoja baada ya yeye kustaafu, kideri kikaingia kijijini.

Kwetu ng'ombe ni wa baba, shamba ni la baba, hata punda ni wa baba. Kuku ni wa mama. Daftari, sabuni, nauli ya kwenda hospitali na sadaka ya Jumapili vyote vinatoka chini ya kuku. Kwa hiyo kideri kilipopita, kuku wakapinda shingo na kuanguka mmoja mmoja, wanaume walisema pole na wanawake walikaa kimya kama watu waliofiwa. Ndani ya majuma mawili kitongoji kizima hakikuwa na sauti ya jogoo alfajiri, isipokuwa kwetu. Jogoo wa Mama, mwekundu, mzee kidogo, mwenye ukucha mmoja uliovunjika, alipona. Kwenye nyumba nyingine walipona mitetea wachache, lakini wote wachanga, wa kutaga na kukimbia. Hata mmoja hakutaka kuatamia.

Jumapili moja baada ya ibada Mwalimu alisimama nje ya kanisa akawaambia wanawake wakusanye mayai yote watakayopata wamletee. Mama yangu akamuuliza kuku wa kuyalalia yuko wapi. Mwalimu akasema yai halihitaji mama, linahitaji nyuzi thelathini na nane.

Kabati aliliokota shuleni, la vitabu, limetupwa kwa sababu ya mchwa. Alilipiga randa, akalibandika ndani makoti mawili ya mitumba, akatoboa chini na kuingiza debe lililokatwa, na chini ya debe akaweka taa ya chemli, na bomba la bati la kutolea moshi nje. Kati aliweka chekeche ya waya ya kulazia mayai, pembeni sahani ya maji ili maganda yasikauke, mbele kioo cha dirisha. Kutoka lile duka la dawa la Katesh alinunua kipimajoto cha homa, kile cha kuweka kwapani, akakining'iniza kwa uzi mbele ya kioo. Mtu aliyepita aliitwa kuja kukisoma.

Mayai yalifika zaidi ya hamsini. Kila yai aliliandika kwa penseli: msalaba upande mmoja, duara upande wa pili, na herufi za mwenye mali. Mara tatu kwa siku alinawa mikono kwa sabuni akayageuza, misalaba yote juu, kisha duara zote juu, kwa vidole vyepesi mno. Mkewe alisema hakuwashika hivyo hata watoto wao, lakini alisema akitabasamu. Mfugaji mmoja wa Kidatoga kutoka Getanuwas, aliyekuja kuuza ndama, aliingizwa kuona. Alichungulia kioo muda mrefu, akauliza kama Mwalimu ana mpango wa kuotesha na ng'ombe. Mwalimu alilisimulia hilo mwenyewe, kila mahali, kwa furaha.

Na daftari alikuwa nalo. Asubuhi, mchana, jioni aliandika joto. Kurasa nzima zilikuwa 38, 38, 38, kwa ule mwandiko wake uliosimama wima kama wanafunzi mstarini.

Siku ya tisa Mama alikwenda kutazama mayai yake. Wanawake wa kwetu wanalipima yai kwenye kope: unafumba jicho, unalilaza yai juu yake, na ngozi ile nyembamba inakuambia. Mama akafanya hivyo, akachukua jingine, akafanya tena. Ilikuwa asubuhi, mwezi wa sita, na kwenye mteremko wa Hanang mwezi wa sita bati la nyumba linakuwa na umande kwa ndani.

"Mwalimu, haya yamelala baridi," alisema.

Mwalimu hakukasirika. Alimshika bega, akamgeuzia kwenye kioo, akamwonyesha kipimajoto: thelathini na nane. Akamfungulia na daftari. "Kipimo hakina shemeji, Mama Paskalina." Mama akalirudisha yai mahali pake, duara juu kama alivyolikuta, akaaga.

Majuma matatu yalipita. Mwalimu akaongeza siku nne. Kisha akayatoa nje, akayavunja moja moja nyuma ya nyumba, wanawake wamesimama wamefunika pua kwa khanga. Yote yalikuwa viza. Mwalimu aliyapanga, akayachunguza kwa miwani, na alipoinuka uso wake ulikuwa umesinyaa. Lakini ilibidi aseme kitu, maana walimwangalia. Alisema joto halikuwa na kasoro, daftari lipo. Alisema kasoro ni mbegu. Mayai hayakuwa na uhai tangu mwanzo, na mayai yote yale, kutoka nyumba zote zile, yalikuwa ya jogoo mmoja.

Basi wakamgeukia Mama.

Jogoo alichinjwa Jumapili. Mimi sikuwepo, nilikuwa nasomea uuguzi Haydom, na nilifika kwa likizo Ijumaa iliyofuata kwa basi la jioni. Nikakuta manyoya mekundu kwenye jalala na Mama asiyezungumza sana. Wanawake wengine walimtania kisimani, mama wa jogoo tasa, utani wenye meno, kwa sababu kila mmoja alikuwa amepoteza mayai yake ya mwisho. Mama alicheka nao, akateka maji, akaondoka. Nilimjua vya kutosha kujua kwamba hakucheka.

Jumamosi nikaenda kumwamkia Mwalimu, kama ilivyokuwa lazima kwa mwanafunzi wake yeyote anayerudi. Nikamkuta ameketi mbele ya kabati. Hakuwa amelifungua tangu siku ya viza. Taa haikuwa na mafuta. Nilifungua kioo, nikahisi baridi ya ndani kama ya pishi, nikakisoma kipimajoto kwa mazoea ya wodini. Kilisema thelathini na nane.

Kwanza nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, maana ni kosa ambalo sisi wa uuguzi tulionywa juu yake siku ya kwanza kabisa. Kipimajoto cha homa kikipanda hakishuki chenyewe. Zebaki inabaki pale ilipofika mpaka ukikung'ute. Alikiweka mchana mmoja wa jua kali, kikapanda hadi thelathini na nane, na toka hapo kilikuwa kinamkumbusha mchana uleule, alfajiri zote zile za baridi. Nikakitoa kwenye uzi, nikakikung'uta mara tatu kama tulivyofundishwa, nikamwonyesha. Zebaki ilikuwa imejificha yote chini.

Mwalimu alikipokea. Alikiangalia, akaangalia taa iliyozimika, akaangalia daftari. Sijawahi kumwona mtu akisoma kitu kwa muda mrefu vile wakati hakina maandishi.

"Mama yako amekwisha kumchinja?" aliuliza.

Nikamwambia Jumapili.

Alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. Nilisubiri aniambie niende nikaseme. Au aseme yeye. Badala yake akaniambia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Paskalina, nakuomba." Hakumaliza. Mtu aliyenibeba mgongoni hadi zahanati alikuwa ananiomba, na mimi nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja. Nikasema ndiyo, Mwalimu. Nikarudi nyumbani, nikakaa jikoni na Mama, nikamenya viazi, na sikusema. Niliona aibu siku ile, na nikilikumbuka bado ninaiona.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini Mwalimu alikuwa na njia yake ya kuficha. Jumatatu alipanda baiskeli akapotea siku mbili. Alirudi kutoka upande wa Getanuwas, ambako kideri hakikufika, vumbi hadi kwenye nyusi, na jogoo mweupe amefungwa miguu kwenye kapu la nyuma. Alimshusha uani kwetu, akamwambia Mama huyu ni wa mbegu, atunze. Mama akauliza ni wa nani. Mwalimu akasema ni wako, akapanda baiskeli, akaenda zake. Mama alimtazama yule jogoo, akamtazama Mwalimu anavyoteremka, akasema atamwita Kipimo. Mimi nilidhani ni utani tu.

Baada ya hapo tulijifunza ukweli mwingine. Tulilijaza kabati maji ya moto kwenye chupa badala ya mayai, tukawasha taa, tukakung'uta kila mara kabla ya kupima, na ikaonekana kwamba ndani ya nyumba ya bati joto lilipanda mchana na kuanguka vibaya alfajiri. Tulijaza makoti, tukaziba nyufa kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokandwa na majivu, bado likaanguka. Siku ya tatu Mwalimu alikaa kwenye kigoda akasema, kwa uchungu wa mtu anayesahihisha mtihani wake mwenyewe, kwamba nyumba inayotakiwa ni ile isiyo na madirisha, ya udongo pande zote na paa, iliyozama ardhini, na yenye mbuzi ndani wa kupasha hewa usiku. Hakutaja ya nani. Zilibaki ngapi?

Nilifuatana naye. Alivaa koti lake la shuleni. Alisimama mbele ya tembe ya Bibi, kofia mkononi, na nikajiandaa kumtafsiria kwa sababu Bibi Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Hakunihitaji. Alifungua mdomo akamwamkia kwa Kiiraqw, salamu ndefu ya heshima, ya mtoto kwa mama, yenye kuuliza ng'ombe na mvua na usingizi, kwa lafudhi ya milimani iliyokuwa nzuri kuliko ya baba yangu. Bibi alitoka hadi kizingitini. Alimwacha amalize yote. Kisha akaniambia mimi, siyo yeye, ingawa alikuwa ameelewa kila neno la Mwalimu:

"Mwambie aingie. Mlango ni uleule aliotaka kuubomoa, kwa hiyo ainame."

Akainama. Alikuwa mrefu, ikabidi ainame hasa.

Wanawake kuleta mayai mara ya pili haikuwa rahisi. Wengi walisema hawana mayai ya kuchezea. Aliyekwenda nyumba kwa nyumba kuwashawishi alikuwa Mama. Nilimwona na kapu lake, yeye aliyetaniwa kisimani, akigonga milango akisema mwachieni Mwalimu nafasi moja, na sikuelewa kabisa alipata wapi moyo huo. Na kila mara Mwalimu alipopita njiani, Mama alisimama uani na konzi ya mtama akiita kwa nguvu, "Kipimo! Kipimo, njoo ule!" Mwalimu aliharakisha.

Kabati likahamia humo, na kwa majuma matatu Mwalimu aliinama kwenye mlango ule mara tatu kwa siku. Alikung'uta, akapima, akaandika, na daftari sasa lilikuwa na namba za kila aina, zinazopanda na kushuka kidogo. Bibi alimpikia uji. Mimi nilirudi Haydom kabla mayai hayajaanguliwa, hivyo hili nililisimuliwa na Bibi mwenyewe, na sijui ameongeza chumvi kiasi gani. Siku ya ishirini alimzuia Mwalimu asiyaguse tena, akalaza sikio juu ya chekeche, akamwambia wanazungumza. Mwalimu akalaza sikio lake. Walibaki hivyo, vichwa viwili vyeupe juu ya kabati la vitabu. Alfajiri iliyofuata vifaranga zaidi ya thelathini walikuwa wanatambaa ndani ya makoti ya mitumba, na Mwalimu alikuwa analia bila kujificha.

Kitu kimoja kilimshinda. Herufi za wenye mali alikuwa ameziandika kwenye maganda, na vifaranga walishatoka kwenye maganda wakachanganyika. Wanawake wamejaa nje, kila mmoja anataka wake, na Mwalimu yuko katikati ameshika maganda na rula. Bibi ndiye aliyegawa, kwa konzi, bila kuhesabu, na hakuna aliyelalamika.

Hapo ndipo jambo lile baya lilipokaza mizizi. Kwa sababu mayai ya jogoo mweupe yalitotoka, kila mtu akasema mnaona, kumbe kweli yule mwekundu alikuwa tasa. Furaha ya kitongoji ikawa ushahidi dhidi ya Mama. Mwalimu alisikia na hakusema. Aliendelea kutotolesha mayai miaka mingi, watu wa vijiji vya jirani wakaja kujifunza, akawafundisha kukung'uta kwa msisitizo mkubwa, na alipoulizwa kuhusu mkupuo wa kwanza alisema ulikuwa na matatizo. Mimi nilikuwa najua, na nilinyamaza kila likizo. Kuna mara nilimchukia kidogo. Kisha nilimkuta amemletea Bibi chumvi ya mbuzi, au anamwamkia Mama kwa kuvua kofia, kofia ambayo hakumvulia hata mkuu wa wilaya, na chuki ikaniishia.

Mara ya mwisho kuzungumza naye, mkoa wetu ulishakatwa kutoka Arusha ukaitwa Manyara, jambo alilokuwa analilalamikia kwa sababu ramani yake ya ukutani ilikuwa bado nzima. Nilikuwa muuguzi kamili, palepale Haydom. Nilifika zamu ya asubuhi nikaambiwa kuna mzee wa kutoka Endasak ameletwa na basi jana, kifua, na anawauliza wauguzi maswali.

Alikuwa amekonda. Kitandani pembeni mwake walikuwa mkewe, wanawake wawili wa kitongoji chetu waliomsindikiza, na Mama, aliyekuja na basi lilelile na chupa ya mchuzi wa kuku. Nilimwamkia. Nikachukua kipimajoto nikakielekeza kwenye kwapa lake, akaushika mkono wangu.

"Umekikung'uta?"

Nilikuwa nimekikung'uta. Nikakikung'uta tena mbele yake ili aridhike. Mkewe akacheka, wale wanawake wakacheka, na Mama akafunua chupa ya mchuzi. Tukasubiri dakika zile za kusubiri. Mwalimu alikuwa anamwangalia Mama.

"Mama Paskalina," alisema. "Yule jogoo wako mwekundu alikuwa mzima."

Wale wanawake wawili waligeuza vichwa. Alisema tena, akiwageukia wao sasa, polepole, pumzi ikimkatika, kwamba jogoo alikuwa mzima na mayai yalikuwa mazima, kasoro ilikuwa kipimo chake, na kwamba alilijua hilo tangu wiki ileile. Hakunitaja. Nilisimama pale na sare yangu nyeupe nikatamani anitaje.

Mama alimimina mchuzi kwenye kikombe kwanza.

"Nilimpasua mwenyewe, Mwalimu," alisema. "Kokwa zake za mbegu zilikuwa nene kama maharage ya Endasak. Nililijua kabla sufuria haijachemka."

"Na ukazunguka nyumba za watu kuniombea mayai."

"Ulishaleta jogoo," Mama akasema. Kisha akanitazama mimi, siyo kwa hasira, akarudisha macho kwake. "Nilikuwa nasubiri mmoja wenu aseme. Mmekawia sana."

Machozi yalimtoka Mwalimu pembeni yakaingia masikioni, na mkewe akamfuta kwa pindo la khanga. Mama akainuka, akamwekea mgongo wa kiganja kwenye paji la uso, akauacha pale kidogo kama anavyofanya kwa mtoto.

"Bado una homa," akamwambia.

Mwalimu akanigeukia. "Kipimo kinasemaje?"

Nikakitoa kwapani, nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Ilibidi nifute macho ndipo nikasoma.

"Thelathini na nane, Mwalimu."

Alifumba macho, na kiganja cha Mama kikiwa bado juu ya paji lake. "Mama yako ametangulia," akasema. "Andika ya kwake."